Pongezi kwa Mgema Mpira

Mgema mpira wa Kihuhwi, wilayani Muheza, anastahili pongezi kwa sababu kazi yake ni ya ufundi, si ya nguvu tu. Mti husubiriwa miaka 6 au 7 kabla ya kugemwa. Alfajiri, utomvu ukiwa bado na msukumo, kisu hupita mshazari kikiondoa gome jembamba mno. Kikizama hadi kwenye ubao, kidonda huota vinundu na upande ule haugemeki tena vizuri (hapo ndipo mzembe hujulikana). Watasema mpira wa viwandani, utokanao na mafuta ghafi, umemaliza kazi hii. Haujaimaliza: matairi ya ndege bado hutegemea mpira wa mti, usiopata moto upesi wala kuchanika ovyo. Basi mgema alipwe kama fundi.