Kumbukumbu na Ngozi: Kuhusu Filamu ya Ng'endo Mukii

Filamu ya vibonzo inayosimulia utoto huelekea kumrudisha mtu mzima shambani. Isao Takahata, katika Only Yesterday (1991), anamtoa Taeko ofisini Tokyo na kumpeleka Yamagata wakati wa mavuno, naye msichana wa miaka 10 aliyekuwa yeye anamwandama safari nzima. Mtazamaji wa Meru au Embu, aliyezoea kurejea kwa wazee kwenye miteremko ya Mlima Kenya penye kahawa na majani chai, huielewa safari hiyo bila mkalimani.

Ng'endo Mukii wa Kenya hakuifuata njia hiyo. Katika Yellow Fever, filamu fupi aliyoikamilisha mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London, kumbukumbu haikai shambani bali katika ngozi. Anayekumbukwa ni msusi aliyejichubua. Hakuna utamu wa ya kale hapo. Anayekumbuka anatambua kwamba hata alipokuwa mdogo jicho lake lilikwisha kufundishwa kuhukumu. Michoro ya mkono imechanganywa na miili ya wachezaji hai, na mchanganyiko huo usiotulia unabeba maana kuliko maneno ya msimulizi, ambaye mara nyingine hueleza mno.

Fundo la filamu ni mpwa wa msanii, mtoto anayetamani waziwazi kuwa mweupe. Hapo ndipo wakati unapopinda. Taeko anaugeukia utoto uliokwisha pita. Mukii anaukuta wake mbele yake, ukianza upya kwa mwingine.

La kusikitisha ni lugha. Masimulizi ni ya Kiingereza, ilhali Kiswahili kina neno kali, mkorogo, lililozaliwa na kitenzi koroga: ndani yake dawa zinaonekana zikichanganywa, wala halina staha ya matangazo ya biashara. Si haki kumlaumu msanii kwa hilo, kwani alikuwa akisoma ughaibuni. Lakini filamu hii ikionyeshwa katika shule ya Chuka au Runyenjes, msichana wa huko ataambiwa asiuonee haya mwili wake kwa lugha ileile inayopamba vibandiko vya vipodozi hivyo. Yafaa itafsiriwe, tena na mtu ajuaye Kimeru na Kiembu, kwa maana tamaa ya mpwa yule, itakapojibiwa na bibi jikoni, haitajibiwa kwa Kiswahili sanifu.