Siri ya Mhusika: Kuficha na Kufichua Maisha ya Awali katika Mchezo wa Kuigiza

Tangu Dungeons & Dragons ulipochapishwa nchini Marekani mwaka 1974, swali moja limewagawa wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Katika michezo hiyo watu wachache huizunguka meza, kila mmoja akabuni mhusika wake na kumsemea. Mmoja wao, ambaye ndiye mwongozaji, hueleza mandhari na matukio, na dadu huamua mengine. Kabla ya kuanza, mchezaji huandika maisha ya awali ya mhusika wake: alikozaliwa, aliyemdhulumu, deni ambalo hajalilipa. Je, maisha hayo yawekwe wazi mbele ya wachezaji wenzake, au yafichwe mpaka mchezo uyafichue? Makala haya yanalichukulia swali hilo kuwa la kifasihi, na yanalipima katika mazingira ya Beni na Butembo, Kivu Kaskazini, mahali ambapo kuulizwa mtu ni nani na ametoka wapi ni jambo zito.

Kwanza ifahamike kwamba katika miji hiyo mhusika haingii jukwaani akiwa mtupu. Miongoni mwa Wanande, ambao ndio wengi huko, mtoto hupewa jina kwa kufuata jinsia yake na nafasi yake katika uzao wa mamaye. Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Masika ni binti wa kwanza. Mtunzi anayemwita mhusika wake Kasereka amekwisha kuiambia hadhira ya Butembo kwamba wako kaka wawili waliomtangulia. Kaka hao wasipoonekana wala kutajwa, hadhira itauliza walipo, na taharuki itakuwa imeanza kabla ya neno la pili kutamkwa. Hata hivyo, jina hilohilo huitwa watu wengi mno. Hivyo humtangaza mtu nafasi yake na papo hapo kumficha yeye mwenyewe. Mfano huu unaonyesha kwamba siri ya kisanaa hutokana na jambo lililodokezwa kisha likakatizwa. Jambo ambalo hadhira haina hata dokezo lake haliwezi kuitwa siri, kwa kuwa hakuna anayelingojea.

Fasihi ya Kiswahili inatoa mifano miwili ya kutofautisha namna za kuficha. Katika Kinjeketile (1969), Ebrahim Hussein anamtumbukiza mhusika wake mkuu katika mto Rufiji na kumtoa akiwa na habari za maji ya dawa. Yaliyompata humo majini hayaonyeshwi jukwaani. Watu wake hawayajui, hadhira haiyajui, na baadaye Kinjeketile mwenyewe anaanza kuyatilia shaka. Lakini tendo la kuingia na kutoka mtoni linashuhudiwa, na ushuhuda huo ndio unaolipa fumbo nguvu ya kuendesha tamthilia nzima. Katika Asali Chungu (1977), Said Ahmed Mohamed anafuata njia nyingine. Msomaji anaijua asili ya Dude, mtoto aliyekataliwa na babaye, ilhali Dude mwenyewe haijui. Kila hatua anayopiga kuelekea nyumba ya baba huyo inamwumiza msomaji kwa sababu anajua. Hapa kinachofanya kazi ni kinaya. Mshangao hauna nafasi kubwa.

Tofauti hii ndiyo inayosahauliwa na wengi wanaotetea usiri mezani. Katika mchezo wa namna hii mchezaji ni fanani na hadhira kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuna siri za aina mbili: ile anayofichwa mhusika, na ile anayofichwa mchezaji. Mchezaji anaweza kujua kwamba mhusika wa mwenzake aliwahi kuisaliti familia yake, huku mhusika anayemwigiza yeye akiendelea kumwamini msaliti huyo. Ujuzi huo humpa nafasi ya kuisaidia hadithi. Ataleta habari ya ndugu, atauliza swali linalochoma, atamwachia mwenzake nafasi ya kusita. Lakini maisha ya awali yakifichwa wachezaji wote, hata mwongozaji, hakuna awezaye kuyagusa. Hubaki karatasi mfukoni mwa mwenyewe, na pengine mchezo huisha kabla hayajatoka.

Hoja hii inatiliwa nguvu na maigizo shirikishi. Mtindo huo, ambao chimbuko lake mojawapo ni kazi ya Mbrazili Augusto Boal katika miaka ya 1970, umetumiwa pia mashariki mwa Kongo, Search for Common Ground likiwa miongoni mwa mashirika yaliyoutumia. Katika umbo lake la kawaida, igizo husimamishwa pale mgogoro unapofikia kilele, kisha mtazamaji hualikwa kuchukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mtazamaji huyo hawezi kumwigiza mtu asiyemjua. Akiwa hajaambiwa kwa nini mhusika anakataa kumrudishia jirani shamba, atatoa mawaidha ya jumla na kurudi kukaa. Akijua kwamba marehemu baba wa mhusika alifukuzwa katika shamba hilohilo, atalazimika kutafuta jibu linalopita mawaidha.

Walakini haitoshi kusema kwamba kila kitu kifichuliwe. Mauaji ya raia yaliyoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014 yameyafanya maswali ya asili na safari za mtu kuwa maswali ya kutiliana shaka. Mhusika aliyebuniwa akifanana mno na mtu halisi wa mtaani, hadhira itaacha kumtazama mhusika na kuanza kumtafuta mtu. Mfano wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, unafundisha. Mtu aliyeugua akapona aliweza kuepukwa na majirani kwa sababu ya historia hiyo. Lakini katika vituo vya malezi vya Beni na Butembo, vilivyowatunza watoto waliotenganishwa na wazazi wao wagonjwa, waliopona ndio waliopewa kazi ya ulezi kutokana na kinga waliyoipata. Historia ileile ilikuwa aibu barabarani na sifa kituoni. Uzito wa kufichua, basi, unategemea ni nani anayesikia na atalitumiaje alilolisikia.

Watetezi wa usiri hawakosi hoja. Wanasema kwamba ufichuzi wa ghafla huleta furaha ambayo kinaya hakiwezi kuileta, na kwamba mchezaji anayejua mengi hushindwa kumwigiza mhusika asiyejua. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini mshangao hutumika mara moja tu, nao huhitaji vidokezo vilivyopandwa mapema. Mtu peke yake hawezi kuvipanda vya kutosha. Hoja ya pili inahusu ustadi. Mwigizaji wa Kinjeketile huujua mwisho wa vita tangu siku ya kwanza ya mazoezi, na bado hutakiwa kuonyesha matumaini ya asiyeujua.

Inaelekea, kwa hiyo, kwamba kikundi kinachotaka hadithi yenye uzito hakina budi kukubaliana mapema juu ya mambo mawili. La kwanza ni kwamba maisha ya awali yaliyobuniwa yajulikane na angalau mwenzi mmoja mezani, awe mwongozaji au mchezaji, ili awepo wa kuyafungulia njia. La pili ni kwamba yale yaliyochotwa katika maisha halisi ya mchezaji, au ya jirani yake, yabaki mikononi mwa mwenyewe mpaka atakapoamua, na asiwepo wa kumdai. Kwa kikundi cha Beni au Butembo sharti hili la pili ndilo zito zaidi, maana huko aliyeketi mezani akiigiza mtu aliyepoteza kaka wawili anaweza kuwa yeye mwenyewe Kasereka.