Lala Chur: safari ya treni katika milima ya Uswisi inavyopangwa

Rasimu ya kwanza ya safari hii ilikuwa mbovu, na niliiandika mwenyewe. Usiku wa kwanza Zürich, wa pili Interlaken, wa tatu Zermatt, wa nne St. Moritz. Kila asubuhi kufunga mizigo, kila jioni chumba kipya katika miji inayokomba mfuko. Nilikuwa nimeanza na majina ya treni maarufu, kisha nikazipangia siku. Kwa Uswisi, huko ni kuanzia mkiani.

Pa kuanzia ni ratiba. Tangu 1982 treni za nchi hiyo huenda kwa mpigo mmoja: kama inatoka dakika ya nane baada ya saa kamili, saa ijayo itatoka dakika hiyo hiyo, toka alfajiri hadi usiku. Mwaka 1987 wapiga kura waliuridhia mradi wa Bahn 2000, na Desemba 2004 ratiba yake ikaanza kutumika. Shabaha haikuwa mbio. Wahandisi walijiuliza treni itumie muda gani baina ya stesheni kuu mbili ili iwahi kukutana na wenzake. Safari ya Bern hadi Zürich ilikuwa ikizidi saa moja. Ikajengwa reli mpya kati ya Mattstetten na Rothrist, muda ukashuka chini ya saa moja kidogo, wakaridhika. Leo treni huingia stesheni kuu kutoka pande zote dakika chache kabla ya saa kamili, abiria wanabadilisha treni, kisha zinatawanyika. Ukiikosa moja, kunywa kahawa. Ya saa ijayo ipo. (Ila angalia: ratiba ikisema 13:58, kwetu ni saa nane kasoro dakika mbili. Ziandike saa zote mbili kwenye karatasi moja, hasa ukisafiri na mama mkwe.)

Ratiba ikiwa hivyo, huhitaji kuhama kila siku. Unahitaji mji mmoja palipo na makutano ya reli, na kwa upande wa mashariki mji huo ni Chur. Kutoka Zürich ni kama saa moja na robo. Treni kubwa zinaishia hapo, na ng'ambo ya jukwaa zinasubiri treni nyekundu za Rhätische Bahn, zinazopita kwenye reli ya upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya Mombasa na Kigoma. Na tusijidharau: reli ya Kenya karibu na Timboroa inapita juu ya mita 2,700, wakati kilele cha njia ya Bernina, ya treni hizo nyekundu, ni mita 2,253.

Siku yenyewe ya safari ni Chur hadi Tirano, mji wa Italia. Njia hiyo ni reli mbili za rika mbili, na tofauti yake utaiona dirishani. Ya kwanza, Albula, ilifunguliwa 1903 na kufika St. Moritz 1904, enzi za injini za mvuke. Mvuke haupendi mlima mkali, kwa hiyo mwinuko ulizuiwa usizidi mita 35 kwa kila kilomita. Baada ya daraja la mawe la Landwasser, lenye urefu wa mita 65 kwenda juu, treni inafika Bergün. Kutoka hapo hadi Preda ni kama kilomita tano kwa mstari ulionyooka, lakini kuna mita 416 za kupanda. Wajenzi wakairefusha reli mpaka kilomita 12 kwa kuizungusha ndani ya mlima. Ukiwa kitini unaliona kanisa la Bergün kushoto, unaingia handakini, ukitoka liko kulia na limekuwa dogo. Handaki jingine, limerudi upande wa kwanza. Usilale kipande hiki.

Ya pili, Bernina, ilifunguliwa kwa vipande kati ya 1908 na 1910, ya umeme tangu mwanzo. Umeme ukaruhusu mita 70 kwa kilomita, bila reli ya meno. Kwa hiyo hapa treni inaukabili mlima waziwazi. Kutoka stesheni ya kileleni, Ospizio Bernina, inateremka hadi mita 429 za Tirano kwa chini ya kilomita 40, na pale Brusio inazunguka juu ya daraja la matao, kisha inapita chini ya tao la daraja hilo hilo.

Treni ya watalii ya njia hii, Bernina Express, ina madirisha ya hadi darini na ni lazima kulipia nafasi ya kiti. Treni za kawaida hupita reli ile ile bila nafasi kulipiwa, na baadhi zina madirisha yanayofunguka. Kwa mpiga picha, kioo ni adui. Mimi ningechukua ya kawaida, nikabadilisha St. Moritz, nikashuka Alp Grüm kunywa chai mbele ya barafuto ya Palü, nikapanda inayofuata. Toka asubuhi na mapema. Kwenda na kurudi ni zaidi ya saa nane ndani ya behewa.

Kuhusu tiketi, wageni hununua Swiss Travel Pass ya siku 3, 4, 6, 8 au 15. Ipo ya siku mfululizo, na ipo ya kuchagua siku ndani ya mwezi mmoja. Ukilala Chur chukua hii ya pili, kwa sababu siku za kupumzika hazitaila. Njia yote hadi Tirano imo ndani yake. Visa ya Schengen inatosha pande zote mbili za mpaka. Unaweza kuiomba miezi sita kabla, wala usingoje siku 15 za mwisho.

Na stesheni ya mlimani ya Jungfraujoch, mita 3,454? Pass inakupa punguzo tu, nauli kamili ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken inazidi faranga 200, na katika kilomita tisa za reli ya mwisho, saba ni handaki. Kama una siku moja tu, nenda Tirano.