Jina na Kazi: Mizani Mbili za Mafanikio katika Utubora Mkulima na Wasifu wa Siti binti Saad

Utangulizi

Shaaban Robert (1909–1962) amezoeleka kusomwa kama mwalimu wa maadili. Riwaya yake ya Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, nayo imezoeleka kusomwa kama wito wa kurudi shambani. Usomaji huo una msingi, lakini ukiachwa peke yake una kasoro: humfanya msomaji aamini kwamba mtu hufanikiwa kwa kuchagua kazi njema, kana kwamba kila mtu anayo nafasi ya kuchagua. Makala haya yanaisoma riwaya hiyo sambamba na Wasifu wa Siti binti Saad (1958), na yanadai kwamba maandiko haya ya mwandishi mmoja yanayapima mafanikio kwa mizani mbili. Tofauti yake inajitokeza zaidi katika majina ya wahusika wakuu.

Jina linalotangulia kazi

Utubora anaacha kazi ya ofisini kwa tajiri Ahmed, akaenda Busutamu kulima. Kwa kipimo cha mjini amepungukiwa: hana mshahara wa mwisho wa mwezi wala cheo. Kwa kipimo cha riwaya amepanda, kwa kuwa kazi yake sasa inalisha watu na kumwacha awe bwana wa siku yake. Hapo ndipo ilipo nguvu ya riwaya. Mwandishi analitenga swali la thamani ya kazi na swali la ujira, jambo lililohitaji ujasiri katika jamii ya kikoloni iliyomtukuza karani na kumdharau mwenye jembe.

Hata hivyo, jina la mhusika linafichua udhaifu wa hoja. Utubora ni utu bora. Sifa hiyo anayo kabla hajashika jembe. Shamba halimfanyi kuwa mtu bora, bali linampa mahali pa kuudhihirisha ubora wake. Kinachotawala masimulizi ni mwenendo wake, si hesabu ya mavuno. Aidha, anayeiacha ofisi kwa hiari alikwisha kuwa nayo. Kukataa ni fadhila ya mtu aliyepewa kitu cha kukataa.

Jina linalopatikana kwa kazi

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alichukua vyungu kwenda kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba kwa kufuata ala, na kuiimba taarabu kwa Kiswahili wakati taarabu ya majumba ya wakubwa ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa katika santuri huko Bombay. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Safari hii inakwenda kinyume na ile ya Utubora. Mmoja anauacha mji akaufuata udongo. Mwingine anauacha udongo wa vyungu akaufuata mji. Kama Shaaban Robert angekuwa mhubiri wa shamba tu, asingemwandikia Siti wasifu wa kumtukuza. Kinachowaunganisha wahusika hawa ni kwamba kazi ya kila mmoja inawafaa wengine. Kinachowatenganisha ni kwamba jina la Siti halikutangulia kazi yake, bali lilizaliwa nayo, na lilihitaji masikio ya watu ili lithibitike. Wapinzani walimsimanga kwa asili yake ya shamba. Naye akajibu kwa wimbo uliotanguliza akili mbele ya uzuri wa sura. Jibu hilo ni hoja ya mtu ambaye heshima yake inaweza kupingwa kila siku. Utubora halazimiki kujitetea hivyo.

Mwandishi kati ya mizani

Mwandishi mwenyewe hakuishi kama Utubora. Aliingia katika ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea kuitumikia serikali ya kikoloni kwa miongo kadhaa huku akiandika. Kwa hiyo si sahihi kuichukua riwaya kama taarifa ya maisha yake. Inafaa zaidi kusomwa kama swali ambalo karani aliiuliza ofisi yake, bila kuwa na uwezo wa kuiacha.

Hitimisho

Tofauti hii ina uzito darasani, hasa sasa ambapo Kiswahili kinapanuka katika shule za nchi jirani, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Vijana wa eneo hili wanahimizwa kujiajiri. Mwalimu akiwapa Utubora peke yake, kijana asiye na ajira wala shamba atajiona ameshindwa maadili, ilhali amekosa nyenzo. Akiwapa Siti peke yake, watadhani kufanikiwa ni kusifiwa. Wakisomwa pamoja, Utubora anamwuliza mwenye nafasi anaitumia kwa faida ya nani, na Siti anaiuliza jamii ni sauti ngapi bado inaziita Mtumwa.