Okonkwo Katika Aya Tano: Fasihi na Insha Katika Darasa la Kiingereza

Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart, ilitolewa mjini London mwaka 1958. Husomwa katika shule nyingi za sekondari za Marekani, katika somo la Kiingereza. Wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1973 kwa tafsiri ya Clement Ndulute, Shujaa Okonkwo. Hapa twakusudia kuchunguza jambo moja tu: riwaya hii hupatwa na nini inapotiwa katika insha ya mwanafunzi?

Insha inayofundishwa sana huko ina aya tano: utangulizi wenye kauli kuu, aya tatu za uthibitisho, na hitimisho. Kauli kuu iliyozoeleka juu ya Okonkwo asili yake ni Aristotle: shujaa huanguka kwa kosa lake mwenyewe. Basi mwanafunzi huandika kuwa Okonkwo aliangamizwa na hofu ya kufanana na babake Unoka, mvivu mwenye madeni. Aya moja humweleza Unoka; nyingine, kuuawa kwa Ikemefuna, kijana aliyemwita Okonkwo baba; nyingine, tarishi wa mahakama aliyekatwa kichwa kwa panga. Hitimisho hurudia kauli kuu, na kazi imekwisha.

Hatusemi kwamba kauli hiyo ni ya uongo, kwani hofu hiyo imo kitabuni na Achebe hakuificha. Wala hatuudharau mpango wenyewe. Anayejifunza kujenga huhitaji nguzo. Lawama yetu ni kuwa mpango huo huamua mapema kipi kionekane na kipi kisionekane. Mkuu wa wilaya aliwafunga viongozi sita wa Umuofia na kuwatoza faini ya magunia 200 ya kauri. Matarishi wake wakawatangazia watu magunia 250, ili ziada iwe yao. Gerezani viongozi hao walinyolewa na kupigwa. Je, hayo nayo ni dosari ya Okonkwo? Katika insha ya dosari, ukoloni hauna aya yake.

Achebe aliiona hatari hiyo kabla yetu. Mwishoni mwa riwaya, mkuu wa wilaya, baada ya kuonyeshwa maiti ya Okonkwo, awazia kitabu anachotaka kuandika. Aona kuwa habari za mtu huyu zingetosha sura nzima. Kisha ajirekebisha: labda aya moja, maana mengi hayana budi kuachwa. Mwanafunzi amemzidi kwa aya nne, lakini njia yao ni ile ile.

Nasi wa Kiswahili tusijione tumeepuka. Jina la asili lasema juu ya mambo yanayosambaratika, yaani mji mzima. Jina la tafsiri lamtaja mtu mmoja na kumvika ushujaa kabla hatujafungua kitabu. Na katika shule zetu za Kongo, insha ya Kifaransa yenye hoja, pingamizi na upatanisho yaweza kutenda vivyo hivyo: hufika kwenye upatanisho hata pale ambapo kitabu hakikupatanisha.

Katika riwaya hiyo hiyo yumo mwalimu mwingine wa insha, naye ni Obierika, rafiki wa Okonkwo. Okonkwo anapofukuzwa kwa miaka saba kwa sababu ya kifo alichosababisha bila kukusudia, Obierika ajiuliza kwa nini mtu ateseke hivyo. Hapati jibu, awakumbuka mapacha wa mkewe aliowatupa, na mashaka yake yazidi. Hajengi kauli kuu, lakini amefikiri kuliko mkuu wa wilaya.

Pendekezo letu, basi, ni dogo. Kabla ya kudai kauli kuu, mwalimu na amwagize mwanafunzi aandike swali moja ambalo kitabu kimeliacha wazi, na insha ianzie hapo. Aya ziwe tano au saba, si kitu. Ila pasiwe na mwanafunzi anayefunzwa kusoma habari za Umuofia kwa macho ya mkuu wa wilaya, kisha akapewa alama kwa kufanya hivyo vizuri.