Mhariri Asiyealikwa: Tahajia ya Kiswahili Mbele ya Kompyuta

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea sura ya kwanza ya tasnifu yake, na humo nikasoma: "Nyumba I wazi." Nilidhani ni uzembe. Kumbe aliandika "i", kitenzi kishirikishi kilicho halali kabisa, na programu ya kuandikia, ikidhani inasoma Kiingereza, ikamgeuzia kuwa herufi kubwa. Kilichonisikitisha zaidi kilikuwa katika sura ya pili. Humo aliandika "iko wazi" kila mahali, ili aepukane na ugomvi na mashine.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kero za programu hizi huzungumzwa kana kwamba ni za vidole tu, ilhali baadhi yake hugusa sarufi yenyewe. Zilizo ndogo zina tiba ndogo. Ukianza ubeti kwa tarakimu na nukta, programu huunda orodha na kuisogeza mishororo. Kubonyeza Ctrl na Z papo hapo huirejesha. Ukiandika "taz." neno lifuatalo hupewa herufi kubwa, basi kifupisho hicho kiingizwe katika orodha ya vighairi. Na kabla ya yote, hati nzima ichaguliwe, lugha yake itajwe kuwa Kiswahili. Wengi wetu twairuka hatua hii, kisha twailaumu mashine. (Nami nilirudi kutoka masomoni ng'ambo na mipangilio ya Kiingereza, nikaandika Kiswahili chini yake kwa muda mrefu.)

Mstari mwekundu chini ya maneno ni jambo zito zaidi. Kikaguzi cha tahajia kilichojengwa juu ya orodha hukiona kila kisichomo kuwa ni kosa. Kwa Kiingereza hilo lavumilika, maana kitenzi chake cha kawaida kina maumbo manne tu. Kwetu, nafsi sita na njeo nne za -na-, -li-, -ta- na -me- zatoa maumbo 24 ya mzizi -pig- peke yake, kabla hatujaweka yambwa, ukanushi, urejeshi wala kauli za kutendea na kutendeshana. Ni orodha gani itakayoyakusanya "hatukuwapigia" na "atakayekupigia" na wenzao wote? Kuongeza neno mojamoja katika kamusi binafsi, kama washauri wengi wasemavyo, ni kuteka maji kwa pakacha.

Njia nyingine imekwisha kuoneshwa. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alieleza modeli ya ngazi mbili ya uchanganuzi wa maumbo ya maneno, na Arvi Hurskainen, wa mji huohuo, akaitumia kwa Kiswahili. Makala yake ilitoka mwaka 1992. Katika mtindo huu mashine haiulizi kama neno limo katika orodha. Huuliza kama viambishi hivi vyaweza kufuatana hivi. Swali hilo ndilo tulifundishalo darasani kila muhula, na ni ajabu kwamba idara za lugha zimewaachia mafundi wa kompyuta walijibu peke yao.

Mwanafunzi wangu alizirudisha "i" zake zote katika sura ya pili. Mbili zilikuja tena zikiwa kubwa. Nikazisahihisha kwa kalamu.