Bahari sebuleni: ni nini hasa kinachowavuta wafugaji wa samaki wa maji chumvi?

Msomaji, ukiwa Usangi bahari iko mbali. Ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, Tanga na Mombasa zote ziko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Maji tunayoyajua huku milimani ni ya chemchemi, ya mifereji na ya ndiva. Ukitaka kuona maji mengi unapanda juu, unaangalia Ziwa Jipe upande mmoja na bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa pili. Kwa hiyo swali la leo linaweza kuonekana ni la watu wengine kabisa: kwa nini mtu anayeishi mbali na pwani anunue tangi la kioo, achanganye chumvi na maji, alipie umeme mchana na usiku, yote hayo ili samaki wa kwenye matumbawe aogelee sebuleni kwake?

Swali linatuhusu. Baadhi ya samaki hao wanatoka katika bahari yetu hii ya Afrika Mashariki. Na majibu yanayotolewa kila siku kuhusu jambo hili ni mepesi mno, mtu akiyameza bila kuyatafuna atakosea kujua tatizo liko wapi. Hebu tuyapime matatu yanayosikika zaidi.

Kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2003 kuhusu biashara hii ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2 duniani wanafuga viumbe vya maji chumvi, na kwamba samaki kati ya milioni 20 na milioni 24 wa aina zaidi ya 1,400 huuzwa kila mwaka. Sasa shika jambo moja: samaki wengi wa mapambo wa maji baridi huzalishwa mashambani, lakini wa maji chumvi karibu wote hukamatwa baharini, porini. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya sebule ya mtu wa mbali iwe habari ya mwamba wa huku kwetu.

Jibu la kwanza: "Ni filamu"

Umeshasikia hili. Mwaka 2003 ilitoka filamu ya katuni ya Finding Nemo, watoto wakampenda samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, wazazi wakakimbilia madukani, miamba ikabaki mitupu. Hadithi hii imerudiwa sana magazetini, na ina utamu wake, kwa sababu filamu yenyewe inasema kinyume: samaki wanahangaika kutoroka kwenye tangi la daktari wa meno.

Tatizo ni ushahidi. Mwaka 2017 watafiti Militz na Foale walirudi kwenye takwimu za uvuvi na biashara, wakakuta ushahidi wa kuunga mkono hadithi hiyo ni mdogo sana. Mwaka 2020 timu nyingine, ikiongozwa na Veríssimo, iliangalia filamu iliyofuata, Finding Dory ya 2016. Watu walimtafuta sana samaki yule mtandaoni wiki chache baada ya filamu kutoka, lakini uagizaji wa samaki wenyewe kuingia Marekani haukuonekana kupanda kwa sababu hiyo.

Ukifikiri, si ajabu. Kutafuta picha kwenye simu ni bure. Tangi la maji chumvi ni gharama, ni kazi ya kila siku, na wanaolianzisha na kudumu nalo si watu wa kuvutwa na katuni ya saa moja na nusu.

Kama filamu ina dhambi, basi ni ya kibiolojia. Samaki hawa huishi kikundi kidogo ndani ya anemoni moja, wakipangana kwa ukubwa: mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume lake. Jike akifa, dume yule hugeuka kuwa jike, na mdogo aliyefuata hupanda cheo. Yaani kisayansi, baada ya mama yake Nemo kuliwa, baba alitakiwa kuanza safari ya kuwa mama. Aina mojawapo ya kundi hilo, *Amphiprion allardi*, iko pwani yetu, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Huhitaji kwenda Australia kumwona.

Jibu la pili: "Ni utulivu"

Hili lina ushahidi bora zaidi. Tangu mwaka 1983 kuna utafiti ulioonyesha kwamba kuangalia tangi la samaki hushusha shinikizo la damu. Na katika akwaria kubwa ya Plymouth, Uingereza, watafiti walipata bahati: tangi kubwa lilikuwa linajazwa samaki upya kwa awamu. Wakapima mapigo ya moyo na hali ya moyo ya watazamaji lilipokuwa na maji tu bila samaki, likiwa na samaki wachache, na likiwa na wengi.

Matokeo? Kadiri samaki walivyoongezeka, watu walifurahi zaidi na walikaa muda mrefu zaidi. Lakini hata maji matupu yenye mawe na mwanga yaliwatuliza watu.

Hapo ndipo jibu hili linapochechemea. Kama utulivu ndio unaotafutwa, maji yanatosha kufanya sehemu kubwa ya kazi, na samaki wa maji baridi waliozalishwa bwawani wanamaliza iliyobaki kwa bei ndogo. Utulivu unaeleza kwa nini *mgeni* anapenda kukaa mbele ya tangi, lakini haumwelezi *mwenye* tangi. Yeye, kwa kweli, hana utulivu wowote. Umeme ukikatika usiku, yeye ndiye anayeamka.

Jibu la tatu, ambalo wafugaji hawalisemi sana

Angalia mfugaji anafanya nini kwa saa zake. Hatazami samaki tu. Anapima. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 100 linataka kama kilo tatu na nusu za chumvi maalumu, siyo ile ya jikoni. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo, inabaki. Kwa hiyo kila siku anaongeza maji yasiyo na chumvi ili kiwango kisipande. Samaki wanatoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza kuwa naitreti, yenye madhara madogo zaidi. Bakteria hao hawanunuliwi wakakomaa siku hiyohiyo. Tangi jipya husubiri wiki kadhaa, mara nyingi nne hadi sita, kabla ya kuwa salama. Ukiongeza matumbawe hai, unaanza kupima kalsiamu, maana matumbawe hujenga mifupa yao kwayo, na unatafuta mwanga mkali, maana ndani ya tishu zao wanaishi mwani wadogo wanaowalisha.

Tuseme mtu angefanya hivyo hapa Usangi. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho peke yake oksijeni inayoyeyuka majini inapungua kwa zaidi ya asilimia 10. Maji ya chumvi nayo hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi ya joto lilelile, karibu moja ya tano. Ongeza baridi ya Juni na Julai, ambapo kifaa cha kupashia maji hakipumziki. Mlima wenyewe unakupinga, na mtu wa aina fulani akisikia hivyo, ndio kwanza anataka kujaribu.

Huu ndio mvuto, kwa maoni yangu. Ni furaha ya kushika dunia ndogo isidondoke. Na si ya leo. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka Torquay, pwani, akayapeleka London na kuyaweka hai kwa miaka. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi mimea na wanyama wanavyoweza kusawazishana ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua akwaria ya umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kilicholieneza neno lenyewe. Hawa hawakuwa na pampu ya umeme. Walikuwa na swali: je, bahari inaweza kuishi bila bahari?

Swali zuri. Nalisifu bila kusita. Mtu aliyeendesha tangi mwaka mzima anaijua mizunguko ya naitrojeni kuliko aliyeikariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini nani anamwaga maji?

Turudi kwa Anna Thynne. Ili maji yake yapate hewa, ilibidi yamwagwe kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kila siku, mbele ya dirisha lililo wazi. Kazi hiyo ilifanywa na mtumishi wake wa ndani. Historia imemkumbuka mwenye matumbawe.

Udhaifu wa burudani hii uko hapo hapo mpaka leo. Inajivunia kwamba tangi ni dunia kamili, iliyojitosheleza, wakati kila kitu ndani yake kimetoka nje kwa mikono ya mtu fulani. Pwani ya Kenya, maeneo kama Kilifi na Shimoni, wapo wazamiaji wanaokamata samaki hai kwa nyavu ndogo, wanaofungwa kwenye mifuko ya plastiki na kusafirishwa kwa ndege. Kwenye duka la mwisho, samaki ana jina la kisayansi, bei na maelekezo ya chakula. Aliyemkamata hana jina.

Usikimbilie kusema "basi ipigwe marufuku". Ripoti ile ya 2003 ilitoa mfano wa Maldives: mwaka 2000, kilo moja ya samaki wa mapambo ilikuwa na thamani ya karibu dola 500, wakati kilo ya samaki wa kula wa miambani ilikuwa dola 6 hivi. Mvuvi anayepata riziki kwa samaki wachache walio hai ana sababu ya kuulinda mwamba kuliko anayeurushia baruti, na sisi Tanzania baruti tunaijua. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inasimama pale tu fedha inapomfikia mvuvi, na pale tu samaki anayechukuliwa anaweza kuishi huko aendako.

Wengine hawawezi. Mfano ni samaki msafishaji, *Labroides dimidiatus*, mwembamba mwenye mstari mweusi, anayepatikana hata kwenye miamba yetu. Kazi yake ni kula vimelea kwenye miili ya samaki wengine. Mtafiti Alexandra Grutter alionyesha kwamba mmoja hula takriban vimelea 1,200 kwa siku. Sasa mweke ndani ya tangi safi lenye samaki watano. Atakula nini? Mara nyingi anakufa kwa njaa. Na kule alikotolewa? Kwenye jaribio la Australia lililodumu zaidi ya miaka minane, vijiwamba vilivyoondolewa wasafishaji vilibaki na samaki wachache zaidi na wadogo zaidi. Mwaka 2019 samaki huyuhuyu alionekana kujitambua kwenye kioo. Tunamnunua kwa sababu anapendeza na "anasaidia kusafisha tangi".

Hapa furaha ya kupima imeshindwa na kipimo chake yenyewe. Mfugaji anajua kalsiamu yake kwa miligramu lakini hajui samaki wake alitoka mwamba gani, na wangapi walikufa njiani.

Tangi na ndiva

Sisi huku tuna chombo chetu cha kushikilia maji. Ndiva hujazwa usiku, hufunguliwa mchana, na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Nayo inataka mtu wa kuamka mapema, wa kuziba panapovuja, wa kukumbuka hesabu. Ila ndiva haikuachii usahau yalikotoka maji na yanakokwenda. Ukiichezea, jirani wa chini anajua siku hiyohiyo. Tangi la sebuleni halina jirani wa chini wa kukugongea mlango, na wa juu, yule mzamiaji, yuko mbali.

Siwezi kukuambia usifuge. Nakuambia uanze kwa maswali matatu mbele ya muuzaji: samaki huyu amezalishwa au amekamatwa? Kama amekamatwa, wapi na kwa njia gani? Anakula nini porini, na mimi nitampa nini? Muuzaji anayejua kazi yake atajibu, na siku hizi samaki wa aina ya Nemo waliozalishwa wanapatikana kwa urahisi. Asiyejibu, mwachie samaki wake.

Na kama unachotaka ni ile furaha yenyewe ya kupima, chukua kipima pH, kipimajoto na daftari, nenda kwenye mfereji ulio karibu asubuhi na jioni kwa mwezi mmoja. Andika. Utashangaa namba zinavyocheza, na hakuna kiumbe atakayelazimika kupanda ndege.